Mwaka Ambao Mumbua Alishindwa Kukata Uzi

Katika mazishi ya Mumbua, kule Kikima, mchungaji alirudia zaidi ya mara moja kwamba marehemu alikuwa na karama ya kufunga. Alisema wako wanaojaliwa kuimba, wako wanaojaliwa kutoa, na yuko mmoja mmoja ambaye Mungu humpa nguvu ya kuacha chakula. Waombolezaji wakaitikia amina. Kabla ya hapo Ndinda, binti yake wa pekee, alikuwa ametusomea kwamba mama yake alikuwa mtu wa maneno machache, asiyependa kelele, na kwamba hata akifurahi alicheka akiwa ameweka kiganja mdomoni. Mama mmoja aliyeketi kando yangu chini ya turubai alininong'oneza kuwa ni kweli tupu, hata kwa harusi ulikuwa humuoni akila, anakaa tu na soda yake na mrija. "Huyo alikuwa ameushinda mwili," akasema, nami nikamwona kuwa anaamini. Mimi nilijua alivyokufa, kwa sababu Ndinda alikuwa amenieleza kwa simu akilia. Alikwenda kutolewa uvimbe tumboni. Walimpa dawa ya usingizi, na walipotaka kupitisha mrija wa kupumulia kinywani, kinywa hakikufunguka. Walijaribu puani, wakajaribu shingoni, wakachelewa. Mshereheshaji akatangaza kwamba baada ya majirani wawili kuongea angemwita rafiki wa ujana wa marehemu, yaani mimi. Nilikuwa na muda wa majirani wawili kuamua kama ningesema yale niliyoyaona mwaka tuliokaa pamoja katika mji mdogo wa Tulia.

Tulikaa chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Kinu kikiwashwa asubuhi, vikombe vilitembea mezani vyenyewe, na jioni tulikung'uta unga kwenye blanketi kabla ya kulala. Dirisha letu lilitazama uani, ambako wanawake walitwanga muthokoi kwenye vinu vya mti, wakitoa ganda la mahindi kwa maji kidogo na nguvu nyingi, wakiongea habari za kila mtu sokoni. Tulikuwa tumemaliza kidato cha nne na sote wawili tulikuwa tunajifunza ushonaji katika chuo kidogo cha kanisa. Mumbua alikuwa na sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Alibishana na redio. Aliongea akiwa usingizini. Wale wanawake wa uani walimwita Ngewa, yaani hadithi, kwa kuwa hakukosa ya kusimulia, naye aliwajibu kupitia dirishani huku mdomo umejaa. Alikula kama mtu aliyetoka kulima, na kufunga alikuchukia waziwazi. Kanisa lilipotangaza siku ya maombi ya kufunga, yeye alificha mihogo ya kuchemsha chini ya godoro, akaniambia, "Kavata, Mungu ananijua nikiwa nimeshiba. Nikiwa na njaa hata jina langu silijui."

Darasani alikata uzi kwa meno. Sote tulifanya hivyo, ingawa mwalimu wetu wa ushonaji alituonya kwamba meno ya mbele yangeingia pengo, lakini Mumbua alikuwa wa haraka kuliko wote. Aliinamisha kichwa, tukasikia kimlio kidogo, na nguo tayari iko mezani kwa mwingine. Alisema mkasi ni wa watu wasio na haraka. Nimeeleza jambo hili dogo kwa sababu ndilo lililonifungua macho baadaye, wakati watu wazima waliokuwa na mamlaka juu yetu walikuwa wanaangalia mahali pengine.

Jioni tulicheza mpira wa wavu. Timu ya kanisa ilifundishwa na Mwalimu Musyoka, mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa, mtu mwema aliyefua jezi zetu kwa mikono yake. Mumbua ndiye aliyesimama karibu na wavu kuinua mpira ili wengine waupige, na kazi hiyo haiwezekani kwa bubu. Mpira ukiruka juu yetu alipaza sauti, "Wakwa!" yaani ni wangu, na sisi wengine tukakaa kando. Mwaka ule Mwalimu Musyoka alipata habari kwamba kocha wa timu ya shirika moja kule Nairobi angekuja mjini Kitui siku ya fainali ya makanisa, akitafuta msichana mmoja wa kuinua mpira. Atakayechukuliwa angeandikwa kazi, apewe nyumba, acheze. Mwalimu alitueleza tukiwa tumekaa chini tukinywa maji, kisha akamtazama Mumbua, na sote tukamtazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikosa la kusema. Chumbani aliniambia hajawahi kutaka kitu kingine, na kwamba alikuwa anajifunza kushona kwa sababu watu wanasema lazima mtu awe anafanya kitu.

Nusu fainali ilikuwa Kyuso. Uwanja ulikuwa wa changarawe, umefagiliwa na kunyunyiziwa maji ambayo yalikauka kabla hatujaanza. Karibu na mwisho mpira ulipigwa mfupi, Mumbua akaita, akajirusha mbele akiwa amenyoosha mikono, na mikono ikateleza. Kidevu ndicho kilichopokea uzito wote. Nilikuwa hatua chache nyuma yake nikasikia mlio, na nilidhani ni jiwe limegonga jiwe. Alipoinuka, ngozi ya kidevu ilikuwa imefunguka kama mdomo wa pili na damu ilikuwa inashuka kwenye jezi. Mwalimu alimfunga kwa taulo, tukashinda bila yeye, kisha tukampeleka zahanati. Aliyekuwa zamu alikuwa na foleni ya watoto wenye homa. Aliosha jeraha vizuri, akalishona kwa nyuzi zinazofuatana sawasawa kama za darasani kwetu, akampa dawa ya maumivu. Sote tulikuwa tumekodolea macho kidevu. Hakuna aliyemwambia afungue mdomo, hakuna aliyemwambia aume meno, na sidhani kama sisi wenyewe tungejua kwa nini kufanya hivyo.

Tulirudi kwa lori lililobeba magunia ya ndengu, tumelala juu ya magunia. Jua lilipokuwa linashuka niliona damu kavu ndani ya sikio lake la kulia. Nikamwambia. Mwalimu Musyoka alitazama akasema imetoka kidevuni, imepanda huko kwa vile amelala chali. Maelezo hayo yaliturudisha kwenye kicheko, mmoja akasema damu ya Mumbua nayo haikai mahali pamoja. Mumbua hakucheka. Alikuwa ameweka mikono miwili mashavuni, akiyashika kutoka chini kila lori lilipoingia shimoni.

Jumapili iliyofuata mchungaji aliyekuwa Tulia wakati huo alitangaza wiki ya kufunga na kuomba kwa ajili ya fainali. Tungekunywa maji na kula mara moja tu, baada ya jua kutua. Sasa nikipanga mambo kwa utaratibu wake, naona kwamba kama wiki ile ingekuwa wiki ya kawaida, Mumbua angekamatwa siku ya kwanza mezani. Muthokoi haufichiki. Ni chakula cha kutafuna, na asiyetafuna anaonekana. Lakini sasa ikawa mtu asiyekula ni mtu mwema. Jioni wengine tulipokimbilia sufuria, Mumbua alisema anaendelea kufunga. Siku ya pili vivyo hivyo. Alikunywa maji kwa kuinamisha kichwa upande, na nilipozima taa nilimsikia akinyonya uji mwepesi kwenye kikombe, akitumia muda mrefu ambao ungetosha mtu kumaliza sahani mbili. Mihogo haikuwepo tena chini ya godoro. Asubuhi mto wake ulikuwa umelowa mate yenye rangi ya waridi. Hakuongea usingizini. Jumanne jioni, kwenye maombi kanisani, mchungaji alimsimamisha mbele ya watu akasema huyu binti mliyemjua kwa kelele, tazameni alivyotulizwa, Bwana ameweka mlinzi kinywani pake. Watu wakashangilia kwa machozi. Mumbua alisimama pale ameinamisha macho, akitikisa kichwa kukubali, na wanawake wa uani wakaacha kumwita Ngewa.

Jumatano tulikuwa darasani tukishona sare za shule. Nilimwona akiinama kukata uzi kama kawaida yake. Uzi ulipita katikati ya meno na kutoka upande wa pili, mzima. Akajaribu tena kwa kusukuma kidevu mbele. Nikainama chini ya meza kana kwamba nimeangusha sindano, nikatazama juu. Meno yake ya nyuma yalikuwa yamegusana kabisa, lakini ya mbele, ya juu na ya chini, yalikuwa yameachana kiasi cha kupitisha ncha ya kidole. Mtu aliyekuwa na meno yaliyofungana kama kifuniko cha kasha sasa alikuwa na dirisha. Akaona ninaona. Alichukua mkasi wangu, akakata uzi, akaurudisha.

Jioni chumbani nilimwambia kuna kitu kimevunjika. Aliongea kwa shida, maneno yakitoka kwenye kona ya mdomo. "Ukisema, Mwalimu ataniacha nje. Yule mtu wa Nairobi anakuja mara moja tu, Kavata. Wacha nicheze, halafu nitavunjika vizuri." Nilikaa na maneno hayo usiku, na kesho yake nikaenda kusema. Nilimkuta Mwalimu Musyoka kwa mchungaji, wakinywa maji ya moto yasiyo na majani ya chai kwa sababu ya mfungo. Niliwaeleza habari za uzi, za mate, za sikio. Mwalimu alitaka kuinuka akamwone. Mchungaji ndiye aliyemkalisha. Aliniuliza kwa upole kama mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga, nikasema nimefunga mpaka jioni. "Basi, mwiitu wakwa, binti yangu, usimwonee wivu mwenzako kwa neema aliyopewa," akasema. "Mtu akifunga sana taya huwa dhaifu, hata mate hubadilika. Mkimwita kwa daktari mnamwita kwa chakula. Ndivyo mfungo unavyovunjwa." Nilitoka, na nikiwa bado nyuma ya ukuta wa mabati nilimsikia Mwalimu akiuliza polepole, lakini yule si anasema meno hayakutani? Mchungaji akamjibu kwamba Jumamosi, siku ya fainali, si mbali.

Jumamosi mjini Kitui yule kocha alikaa kwenye kiti cha mbao kilichowekwa sawa na wavu, amevaa kofia, hana karatasi wala kalamu. Kidevu cha Mumbua kilikuwa na plasta safi. Mikono yake ilicheza vizuri kuliko siku zote. Mpira ulitoka vidoleni mwake bila mzunguko, ukasimama hewani ukingoja kupigwa. Lakini hakuita. Mpira wa kwanza ulioruka katikati yetu ulianguka chini huku watu wawili wakitazamana. Wa pili tulirukia pamoja, bega langu likamgonga shavuni, naye akapiga goti moja, akafumba macho, akainuka. Mwalimu alipiga kelele kutoka kando, "Mumbua, ongea!" Watu wa kanisa letu wakaanza kuimba ili kumpa nguvu. Alifungua midomo, meno yakabaki palepale, ikatoka sauti kama ya mtu aliyezibwa na mto. Tulishindwa. Yule kocha alimwendea Mwalimu nikiwa karibu nakunja wavu, akamwambia mikono ya msichana yule ni mizuri ajabu, lakini mtu wa kuinua mpira asiyesema hawezi kumfaa, hiyo haifundishiki. Akachukua msichana wa timu nyingine. Mumbua alikuwa amesimama na chupa ya maji ambayo hakuweza kunywa, na alisikia yote.

Alizimia kabla hatujafika barabarani. Hospitalini daktari kijana alimwosha uso, kisha akafanya kitu ambacho sijakisahau: hakugusa kidevu. Aliweka ncha za vidole vyake mbele ya masikio yote mawili, akamwambia afungue mdomo. Mumbua akalia kwa mara ya kwanza. Daktari alimuuliza kama alitoka damu sikioni. Alipopata picha ya eksirei alituita mimi na Mwalimu, akaonyesha kwa kalamu jinsi pigo la kidevu linavyosafiri kwenye mfupa na kuuvunja mbali na lilipoingia, juu kabisa, pale taya linapobembea mbele ya sikio. Lilikuwa limevunjika pande zote mbili. Mifupa ilikuwa imeshaanza kushikana vibaya, na kidonda cha ndani kilikuwa na usaha. Mwalimu Musyoka aliuliza ingekuwaje kama wangemleta siku ile ile ya Kyuso. Daktari alisema angemfunga meno kwa muda mfupi, kisha amfundishe kufungua, na angekuwa anakula. Mwalimu alitoka nje akasimama kando ya bomba la maji, akayaacha maji yamwagike mikononi.

Walimfunga meno ya juu na ya chini kwa waya. Daktari alisisitiza kwamba waya utolewe mapema, na kwamba baada ya hapo afungue mdomo kila siku kwa nguvu, hata akilia, kwa kuwa taya lililovunjika pale likiachwa limetulia hugeuka mfupa mmoja na fuvu. Mumbua alirudi kwao Kikima. Mvua kubwa zilibomoa barabara ya milimani, na ilipotengenezwa, waya ulikuwa umekaa mno. Ulipotolewa, maumivu yalimzuia kufanya mazoezi, na nyumbani hakuna aliyemlazimisha. Nilimtembelea Desemba. Jikoni kwao kulikuwa na ndizi na maparachichi, moshi wa kuni mbichi, na mama yake akiponda viazi mpaka viwe kama mafuta. Mumbua alichukua kidogo kwa kidole, akakisukuma ndani kupitia shavuni, nyuma ya jino la mwisho. Mdomo wake sasa ulifunguka unene wa mpini wa kijiko. Mama yake aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeongea habari za bei ya maharagwe, kwamba walikuwa wamempeleka kung'olewa jino moja la mbele ili uji upite. Mumbua akatabasamu na kiganja kikapanda mdomoni. Ndipo nilipokiona kiganja hicho kwa mara ya kwanza. Kaka yake mdogo alifanya mzaha kuhusu wasichana wenye pengo, naye akamjibu kwa macho. Tulikaa mpaka jioni, na mimi ndiye niliyeongea wakati wote.

Mwaka uliofuata nilienda kusomea uuguzi. Bado naitwa kwenye mashindano ya vijana, sasa nikiwa mstaafu, kusimama kando ya uwanja na sanduku la dawa. Mchezaji akipasuka kidevu nakandamiza damu kwa kitambaa safi, kisha naacha kidevu na kwenda masikioni. Natazama kama kuna damu ndani. Namwambia aume, namuuliza kama meno yake yanakutana kama asubuhi alipokunywa chai, maana yeye ndiye anayeyajua. Namwambia afungue niingize vidole vitatu vilivyosimama. Jino likitoka lote nalishika kwa upande wa kutafunia, si wa mzizi, sisugui, nalitia kwenye maziwa. Akiwa ameumia jichoni namkataza kupenga kamasi, maana mfupa ukiwa umepasuka hewa huingia nyuma ya jicho. Makocha hunitazama kwa haraka ya watu wanaongoja mchezo uendelee. Na kama kuna mmoja amekaa peke yake wakati wenzake wanakula, namwendea na sahani.

Majirani wawili walimaliza. Nilipewa kipaza sauti, nikasimama mbele ya jeneza. Nilisema kwamba Mumbua niliyemjua hakuwa na karama ya kufunga. Nilisema aliumia uwanjani Kyuso, taya lake likavunjika pande mbili, akakaa na njaa mbele yetu sote tukimwita mtakatifu, na tangu siku hiyo hakuweza kutafuna, wala kucheka, wala kupaza sauti, mpaka kifo chake kikamfuata mle mle kinywani. Niliyasema kwa utulivu, kama mtu anayetoa ripoti ya zamu. Mchungaji alitazama viatu vyake. Hakuna aliyesema amina. Mshereheshaji alichukua kipaza sauti akaanzisha wimbo.

Baada ya kaburi kufunikwa, nilikaa nyuma ya jiko na sahani ya muthokoi. Ndinda akaja akachuchumaa mbele yangu. Nilidhani amekuja kunilaumu. Aliniuliza kama ni kweli kwamba mama yake aliwahi kuwa na kelele. Nikamwambia mtaa mzima wa Tulia ulimsikia. Akapangusa macho kwa upande wa leso.

"Auntie, uwanjani alikuwa anasema nini?"

Nilimwambia. Akaniomba niseme vile mama alivyosema, kwa sauti yake. Niliweka sahani chini. Nilikuwa na miaka mingi kifuani na wanawake wa jikoni walikuwa wanasugua sufuria, lakini nikavuta pumzi nikaita, "Wakwa!" na sauti ikaenda mpaka kwenye migomba, ikarudi kutoka mlimani. Sufuria zikanyamaza. Watu waliokuwa wanakula wakageuka. Ndinda alikuwa bado amechuchumaa, mdomo wake wazi kabisa, meno yote yanaonekana.

"Tena," akasema.